Nani Amewatuma? Siku Tano kwa Kinga, kutoka Lubumbashi hadi Ziwa Tshangalele

Kwetu Lubumbashi, mtu akionekana alfajiri anatoka mjini na mzigo umefungwa nyuma ya kinga, majirani hawana haja ya kuuliza sana. Anafuata makala porini, au anakwenda shambani, au kuna kilio upande wa wakwe. Safari ina sababu yake, na sababu hiyo lazima iweze kuliwa, kuuzwa au kuzikwa.

Kinga ni baiskeli. Naeleza mapema, ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wasije wakadhani nilikwenda kuchanja watoto.

Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa barua. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alileta kurasa nimtolee nakala, na ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya ndege mdogo wa njano mwenye uso mweusi. Mashine ilikuwa polepole siku ile, nikasoma. Ni kwera wa bonde la Lufira, jina lake la kitaalamu Ploceus ruweti. Mmoja alikusanywa mwaka 1960, wataalamu wakampa jina hilo mwaka 1982, na kwa miaka mingi dunia nzima ilikuwa na huyo mmoja tu, tena amekufa na kukaushwa. Hadi mwaka 2009 ndipo alipopatikana tena, yuko hai, anajenga viota kandokando ya ziwa Tshangalele.

Tshangalele! Samaki wa pale nawala tangu utotoni. Nikajitolea nakala moja ya ziada, nikaibandika ukutani juu ya mashine, na kwa miezi minane nilikuwa naitazama kila karatasi inapokwama.

Mwenzangu wa safari namwita Yaya Fundi. Si ndugu wa damu, ni mkubwa tu, na huku mkubwa wako ni yaya. Anatengeneza kinga katika komine ya Kenya, ambayo ni mtaa wa Lubumbashi na haihusiani kabisa na Nairobi. Nilipomweleza habari ya ndege alinyamaza, akaendelea kunyoosha rimu, kisha akauliza: "Kuko lami mpaka wapi?" Nikajua amekubali.

Siku ya kwanza, Ijumaa

Tumetoka Katuba, mtaa mwingine wa Lubumbashi, saa kumi na nusu alfajiri. Ni Februari, mvua iko katikati. Huku huanza Novemba na kwisha kati ya Machi na Aprili, na kila mtu mwenye akili alituambia tungoje Juni, barabara ikauke. Lakini kwera dume huvaa rangi zake na kujenga wakati wa mvua. Ukimfuata Juni utakuta vindege vya rangi ya majani makavu, na hapo hata mtaalamu hukuna kichwa.

Mzigo: turubai (sisi tunasema bashi), blanketi mbili, sufuria moja, unga, chumvi, mafuta, darubini ya kuazima ambayo jicho lake la kushoto lina ukungu. Yaya alipanga mwenyewe. Vizito vyote chini, karibu na ekseli, wala si juu ya keria kama tunavyozoea, maana mzigo wa juu hukuyumbisha kwenye mteremko. Kila kitu kikafungwa kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, ambavyo vinavutika, haviozi, na siku ya shida vinageuka viraka. Akachukua spoki saba za akiba na kuzifunga kwenye fremu kwa uzi. Nikamuuliza saba za nini. Hakujibu.

Kiza bado, tukaanza kukutana na watu wa makala wakiingia mjini. Anayewajua watu hawa haringi juu ya uendeshaji wake. Kinga moja, magunia yamepanda hadi juu ya kichwa cha mwenyewe, naye hapandi, anasukuma tu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma. Wametembea usiku kucha. Mmoja alikuwa amepumzika, kinga yake imeegemezwa kwenye mti, akatuita.

"Munaenda kufwata makala wapi?"

"Hatufwate makala, papa. Tunaenda kutafuta ndeke."

"Ndeke?" Akanyoosha mkono nyuma yetu. "Ndeke ziko Luano, ngambo ile!"

Luano ni uwanja wa ndege. Yaya alicheka kilomita mbili nzima, na mimi nikaona ubaya wa lugha yetu kumpa kiumbe na chombo jina moja.

Jua lilipotoka, yakaja malori. Barabara hii ndiyo inayobeba shaba na kobalti ya Kolwezi na Likasi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na malori hayamjui mtu wa kinga. Yaya ana sheria yake: ukisikia mawili yanakuja kutoka pande mbili, usipige hesabu kama mtapita wote watatu. Shuka, ingia majanini, ngoja. Tulishuka mara nyingi hivi kwamba nikaacha kuona haya. Akanifungia pia kioo cha pikipiki kwenye usukani, na hicho ndicho kifaa bora nilichokuwa nacho safari nzima.

Kwenye kizuizi cha barabarani kijana mmoja alitusimamisha. Karatasi ya misheni, yaani kibali cha safari ya kikazi, iko wapi? Mimi, ambaye kila siku nawachapia watu karatasi za misheni, kwa mihuri na nakala tatu, sikuwa na yangu. Akauliza swali ambalo tungelisikia kila mahali kuanzia hapo:

"Nani amewatuma?"

Nikaanza kueleza. Wataalamu, mwaka 1960, ziwa. Uso wake ukazidi kukunjamana. Yaya akanikata: "Hakuna. Tumejituma." Kijana alitazama kinga, akatazama bashi, akachukua ile picha yangu ya fotokopi akaigeuza juu chini, pengine akitafuta muhuri. Akaturudishia. Alipofungua njia alikuwa bado anatikisa kichwa.

Tumelala Luisha, zaidi ya nusu ya njia ya kwenda Likasi. Mji wa mgodi: muziki, honi, matope, watu waliovaa buti hadi saa sita usiku. Chumba hakina dirisha. Bukari, yaani ugali, na tshisense, samaki wadogo, wa kukaanga, na munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi, ambao ningeulipia mara mbili. Mapaja yangu yanatetemeka yenyewe ninapoandika.

Siku ya pili, Jumamosi

Nimeshuka kitandani kama mzee. Yaya, aliyenizidi miaka kumi na minne, alikuwa nje anatia mafuta mnyororo na kupiga mluzi.

Asubuhi lami, mchana tukaiacha tukashika njia ya kushukia Kapolowe, na hapo ndipo safari ilipoanza kweli. Kwenye lami unapigana na malori na macho yako yako kwenye kioo. Kwenye udongo unasikia. Kwanza unasikia tairi lako mwenyewe, kisha upepo kwenye miombo, kisha mtu anayepasua kuni mahali usipomwona. Yaya alitoa upepo kidogo kwenye matairi yote manne ili yashike udongo badala ya kuteleza. Nilifikiri ni ushirikina wa mafundi hadi nilipoanguka mara moja tu badala ya mara kumi.

Vichuguu vya huku vinastahili kuandikwa. Vingine ni vikubwa kuliko nyumba ninayopanga, vina miti juu yake, na watu huchimba udongo wake kufyatulia matofali kwa kuwa unashika vizuri. Mvua ikinyesha, pembeni yake huota bowa, yaani uyoga, na mmojawapo ni ule mkubwa kupita wote unaoliwa duniani: kofia yake inaweza kufika mita moja upana. Mchwa ndio wanaoulima ndani, sisi tunavuna tu unapochomoza. Tulimkuta msichana wa miaka minane hivi amesimama kando ya njia, ameshika mmoja juu ya kichwa kama mwavuli, na manyunyu yalikuwa yanaanza. Sikujua kama anauza au anajikinga. Alikuwa anafanya yote mawili. Tukanunua uyoga mdogo zaidi, maana mkubwa haukuingia popote kwenye kinga.

Kijijini, kabla hujatafuta pa kulala, unatafuta kwanza kwa shefu, yaani chifu. Si woga, ni adabu, na pia ni usalama wako. Mgeni asiyejulikana kalala wapi ni mwizi hadi ithibitike vinginevyo. Tukakaribishwa viti. Salamu ndefu, habari za mjini, bei ya unga. Kisha:

"Sasa, watoto, nani amewatuma?"

Safari hii nilijifunza. Nilitoa picha kwanza. Shefu aliitazama, akamwita mjukuu wake, mjukuu akaitazama na kusema jina ambalo sikulidaka, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa picha ya kuku. Shefu akatuambia tulale nyuma ya nyumba yake, na kesho atatafuta mtu mwenye mtumbwi.

Bowa umepikwa na mama wa nyumba, kwa karanga. Sitasema zaidi.

Usiku tumekaa motoni. Yaya Fundi ni Myeke, mtu wa kabila la Wayeke, na nilikuwa sijawahi kumsikia akisema habari za kwao. Akaanza: bonde hilihili la Lufira, ukilifuata kuelekea kaskazini, ndiko Bunkeya, makao ya Msiri. Baba yake Msiri, Kalasa, alikuwa Mnyamwezi mfanyabiashara wa shaba, akitoka pande za Tabora kwa miguu hadi huku na kurudi. Mtoto alikuja, akakaa, akawa mfalme, hadi msafara wa Stairs, uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji, ulipomuua tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke huikumbuka siku hiyo mpaka leo. Shefu, ambaye alikuwa amesikiliza muda wote bila kutia neno, alisema kwamba kutoka Tabora kwa miguu ni mbali kuliko kutoka Lubumbashi kwa kinga. Yaya akakubali kwamba ni kweli.

Siku ya tatu, Jumapili

Hii ndiyo siku.

Mwenye mtumbwi alikuja saa kumi na mbili kasorobo, mtu wa makamo, mkimya. Tukapatana bei, nayo ilikuwa ya haki: alihesabu samaki ambao angevua asubuhi ile, akaongeza kidogo kwa ajili ya uzito wa Yaya. Na hapo nikagundua siri. Yaya Fundi, anayeteremka mlima miguu ikiwa juu ya usukani, anaogopa maji. Alikaa katikati ya mtumbwi ameshika kingo zote mbili, na kwa saa tatu hakugeuza shingo isipokuwa nilipomwambia ageuke.

Ziwa lenyewe si la Mungu moja kwa moja. Lilikuwa mbuga ya mto Lufira hadi ulipojengwa ukuta wa Mwadingusha, ambako mitambo ya umeme wa migodi ilianza kazi mwaka 1930. Maji yakatandaa juu ya nyasi. Ndiyo maana halina kina kirefu, na ndiyo maana ndege wanalipenda: matete, visiwa vinavyoelea, kina cha magoti ya kongoti kwa hekta na hekta. Tangu 2017 bonde hili liko katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu. Kijijini sikumsikia hata mmoja akilitaja neno hilo, na mvuvi wetu alipolisikia aliuliza kama ni jina la mzungu.

Kulikuwa na ukungu juu ya maji. Kwanza tuliona mnandi, mabawa wazi, wamejianika kama nguo. Kisha mdiria mweupe na mweusi akining'inia hewani mahali pamoja, akipiga mabawa, halafu anaanguka kama jiwe. Furukombe alilia mbali, na mlio ule hata Yaya aliusikiliza. Kwenye majani mapana yanayoelea alikuwa anatembea yule ndege mwenye vidole virefu kupita kiasi, na kila hatua jani linazama kidogo, yeye hajali.

Mvuvi akaacha kupiga kasia. "Pale," akasema.

Miti ile inaota ndani ya maji, miepesi, wavuvi hukata vigogo vyake kufanyia maboya. Viota vilining'inia juu ya maji kama matunda, mita moja tu, vingine chini ya hapo. Na kelele! Nilikuwa nimetarajia ndege wa nadra awe mnyenyekevu, ajifiche, atusumbue. Hawa walikuwa soko la Kenya siku ya Jumamosi.

Nilitoa ile fotokopi, sasa imelowa pembeni, nikainua darubini kwa jicho la kulia. Uso mweusi. Ndiyo. Njano. Kifuani rangi ya kahawia iliyokolea kama kutu. Mikono ilikuwa inatetemeka nikampa Yaya darubini, naye akaachia ukingo wa mtumbwi kwa mara ya kwanza.

Dume mmoja alikuwa anasuka. Analeta uzi wa jani bichi, mrefu kuliko mwili wake, anaupitisha, anauvuta kwa mdomo, anaugeuza, anaupitisha tena. Yaya alitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akasema jambo ambalo mtaalamu asingelisema: "Anasuka kama spoki. Ona, anakaza upande huu, halafu anakwenda upande ule, kusudi isivutike upande mmoja." Dume alipomaliza kipande akajining'iniza chini ya kiota, kichwa chini, akapepesa mabawa na kupiga kelele. Jike akaja, akachungulia mlangoni, ambao uko chini, akaondoka zake. Mvuvi akacheka. Akasema huyo amekuwa anakataliwa wiki nzima.

Nikamwambia yale niliyoyasoma. Kwamba wanajulikana bonde hili tu. Kwamba duniani kote watu walikuwa na mmoja aliyekaushwa, na wakamtafuta miaka karibu hamsini. Alisikiliza mpaka mwisho, kasia magotini.

"Hawa? Hawa njo munafwata toka Lubumbashi?"

"Hawa, papa."

"Lakini hawa balikuwa hapa siku zote."

Halafu akaona labda amenivunja moyo, akaongeza kwamba ni wazuri, ni kweli, na kwamba watoto huwinda mayai yao naye huwafukuza. Njiani kurudi yeye ndiye aliyeongea, kimya chote kimekwisha. Samaki wamepungua. Nyavu za macho madogo zinazoa hata vifaranga. Na maji ya viwandani, yanayoshuka na mito kutoka Likasi, wao huyatambua kwa rangi. Aliniuliza kama karatasi yangu imeandika chochote kuhusu hilo. Haikuandika.

Siku ya nne, Jumatatu

Mvua. Imeanza saa nane usiku, bashi ikajaa katikati kama tumbo na kutumwagikia. Tumehamia jikoni kwa shefu pamoja na mbuzi wawili.

Tulijaribu kuondoka saa tano. Kilomita nne kwa saa mbili. Udongo mwekundu unajaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka, unachokoa kwa kijiti, unakwenda hatua ishirini, unachokoa tena. Spoki tatu zimekatika kwenye kinga yangu. Yaya alizibadilisha chini ya mwembe akiwa amevua viatu, na hakutaja lile swali langu la siku ya kwanza, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angelitaja.

Tumerudi kulala kwa shefu. Hakushangaa, chakula chetu kilikuwa tayari.

Siku ya tano, Jumanne

Jua kali tangu asubuhi, njia ikakauka juujuu, ikatosha. Kupanda kuelekea Likasi kumenitoa jasho ambalo sikujua ninalo. Yaya alikuwa mbele, nami nilikuwa naangalia tairi lake la nyuma tu na kuhesabu mizunguko.

Likasi, zamani Jadotville, ni mji wa vilima, na mtu wa kinga anaujua kwa magoti. Tulikula, tukanunua kipande kidogo cha malakite, jiwe la kijani la shaba, kwa ajili ya mtoto wa dada, tukatafuta lori la kurudi, kilomita 120, maana kibanda changu kilikuwa kimefungwa siku tano na wateja hawana subira ya ndege.

Dereva alitukubali. Mtoza nauli akapanda kupima mzigo, kwa kuwa mzigo wa mtu wa kinga hulipiwa kwa gunia. Akafungua bashi: blanketi mbichi, sufuria, kambale wawili wa kukaushwa waliotoka kwa mvuvi, na karatasi iliyolowa.

"Magunia yako wapi?"

"Hakuna."

"Sasa mulienda kufanya nini?"

Yaya alikuwa tayari amelala, au anajifanya. Nikamwonyesha karatasi. Aliitazama, akamwonyesha mwenzake, wakajadiliana, mwisho wakatutoza nauli ya watu wawili na kinga mbili, bila mzigo.

Karibu na Luisha Yaya akafumbua jicho moja, akauliza kama ni kweli maporomoko ya Kiubo, kwenye Lufira hiihii kule chini, yana urefu wa mita sitini hivi. Nikamwambia ndivyo nilivyosoma.

"Kuko lami mpaka wapi?"

"Hakuna lami, Yaya."

Akafikiri kidogo. "Spoki ishirini," akasema, akafumba jicho.